Kisa cha msitu wa kijiji uliokatwa wote kwa mkupuo mmoja, Moshi Vijijini

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya viongozi wa vijiji, kamati za maji na maafisa ugani wanaofanya kazi kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Majina ya kijiji, kata, wahusika na mnunuzi yameondolewa, na vipimo vya eneo vimetajwa kwa kukadiria. Mwandishi alikuwa miongoni mwa walioitwa na kamati ya mfongo, yaani mfereji wa asili wa kugawa maji, kusaidia kutathmini eneo baada ya madhara kuonekana.

Usuli

Kijiji kiko upande wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, juu kidogo ya barabara ya lami, pale ambapo kahawa inaanza kupungua kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, na baridi ya asubuhi inakuwa kali. Mvua si haba. Ukipanda kuelekea msitu wa hifadhi, mvua ya mwaka inavuka milimita 2,000, na sehemu kubwa hunyesha wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei. Udongo ni wa volkano. Ukiwa umefunikwa na majani hunywa maji upesi. Ukiachwa uchi juu ya mteremko, maji huondoka nao.

Msitu unaozungumziwa ulikuwa wa hekta sita hivi, kati ya vihamba na korongo lenye kijito kisichokauka. Wanakijiji waliupanda wenyewe kwa msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sehemu ya juu na ya kati, ambayo ndiyo yenye mwinuko mkali, walipanda misaipresi. Chini, kandokando ya korongo, walipanda mikaratusi. Miaka ilivyopita, miche ya mringaringa na miti mingine ya asili ilijiotea yenyewe chini ya kivuli cha misaipresi, hakuna aliyeipanda. Karibu na kijito palikuwa na mkuyu mkubwa uliokuwapo kabla ya msitu huo na ambao wazee hawakuruhusu uguswe. Hatua chache chini ya mkuyu ndipo lilipo banio, ukuta unaochepusha maji ya kijito, la mfongo unaonywesha vitongoji vitatu kwa zamu.

Ili kuelewa kwa nini hekta sita zilikuwa na uzito mkubwa kiasi hicho, inafaa kukumbuka historia ya kuni na mbao mlimani. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa nusu maili kando ya msitu wa hifadhi ili wananchi wapate kuni, majani na mbao bila kuingia msituni kwenyewe. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na milango ya huko juu ikafungwa kwa nguvu zaidi. Uamuzi huo ulikuwa na sababu nzito, maana mikulo na podo, miti ya asili ya mbao ngumu kupatikana, zilikuwa zikikatwa kwa wizi miaka na miaka. Lakini kwa kijiji kama hiki, miti iliyopandwa kwa mikono ya wanakijiji ndiyo ikawa benki pekee.

Jambo moja la usuli lina uzito kuliko linavyoonekana: msitu huu haukuwahi kupunguziwa. Miti ilipandwa kwa kubanana, kama inavyotakiwa, lakini ilipofika umri wa kutoa baadhi ili iliyobaki inenepe, hakuna kiongozi aliyethubutu. Kila aliyependekeza alishukiwa kwamba anataka kuuza mali ya kijiji kwa mlango wa nyuma. Misaipresi ikarefuka, ikawa myembamba, yenye matawi kileleni tu na mizizi ya juu juu.

Mfuatano wa matukio

Mwaka wa kwanza, mwezi Septemba, kijiji kilipewa taarifa kwamba shule ya kata inahitaji vyumba vya madarasa kabla ya kidato cha kwanza kuripoti Januari. Kuta zilikuwa zimeshapanda kwa michango ya wananchi. Kilichokosekana ni paa, saruji ya sakafu na madawati, na michango ilikuwa imefika kikomo.

Wanunuzi wawili walijitokeza. Wa kwanza, mfanyabiashara wa mbao mwenye yadi mjini Moshi, alitaka msitu wote kwa bei moja, fedha taslimu, na akaahidi kusafisha eneo kabla ya masika. Wa pili, fundi wa kupasua mbao wa tarafa ya jirani, alitaka kukata kwa vipande, kipande kimoja kila mwaka kwa miaka mitatu, akipasulia magogo palepale kwenye kisiki na kuajiri vijana wa kijiji kubeba mbao kichwani hadi barabarani. Malipo yake ya mwanzo yalikuwa chini ya nusu ya yale ya mnunuzi wa kwanza.

Mkutano mkuu wa kijiji ulifanyika Oktoba na ulijaa. Mzee anayesimamia mfongo alisimama akasema, "Mwenyekiti, mwanangu, mimi sisemi msikate. Miti hii nilichimba mashimo yake mimi. Nasema msikate yote." Mwenyekiti akamjibu kwa heshima, "Mzee wangu, nimekusikia. Lakini Januari ikifika, hawa watoto tuwaweke wapi?" Swali hilo ndilo lililoamua mkutano. Msitu uliuzwa wote, kwa kukadiria kwa macho, bila kupima ujazo wa miti.

Kibali kikapatikana na ukataji ukaanza Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeshaanza. Chenso zililia hadi katikati ya Januari. Magogo yalikatwa vipande na kuburuzwa kwa trekta na minyororo moja kwa moja kuelekea chini, kwenye mstari ulionyooka, kwa sababu ndiyo njia fupi. Njia tatu za kuburuzia zilichimbika hadi kina cha magoti ya mtu mzima, na mojawapo iliishia mita chache tu juu ya mfongo. Miche ya mringaringa karibu yote ikalala chini.

Akina mama waliomba wapewe muda wa kutosha kuokota matawi na mabanzi kwa ajili ya kuni. Walipewa siku chache, kisha masalia yakarundikwa na kuchomwa moto mwishoni mwa Januari. Februari eneo likagawiwa viwanja kwa kaya zilizotaka kulima mahindi, maharage na viazi, kwa makubaliano ya mdomo kwamba kila kaya itapanda na kutunza miche ya miti kwenye kiwanja chake. Miche yenyewe haikuwapo. Hakuna kitalu kilichoandaliwa, na mche wa msaipresi unahitaji kukaa kitaluni miezi kadhaa kabla haujawa tayari kwenda shambani.

Masika ikaja. Wiki ya pili ya Aprili maji ya mfongo yaligeuka rangi ya matofali. Mama mmoja mwenye nyumba ya kwanza chini ya banio alituonyesha ndoo aliyoiacha usiku kucha itulie: asubuhi palikuwa na tope la unene wa vidole vitatu chini, laini na jeusi, lenye vipande vya mkaa. Lilikuwa tabaka la juu la udongo wa msitu pamoja na majivu ya moto wa Januari, likiwa limeishia ndani ya ndoo ya maji ya kunywa. Banio lilijaa tope mara mbili msimu huo, na mara ya pili ukuta wake ukavunjika. Vitongoji vitatu vilikaa kwa wiki kadhaa bila maji ya mfongo, huku msaragambo wa kuzibua ukiitishwa katikati ya msimu wa palizi.

Kisha likatokea jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Kiangazi cha mwaka huo, Agosti na Septemba, kijito kilikuwa na maji mengi kuliko miaka iliyotangulia. Zamu za mfongo zilitosha na zikabaki. Watu waliokuwa wamelaumiwa kwa kuuza msitu wakatembea kifua mbele. Mwenyekiti wa kitongoji kimoja alisema hadharani kwamba wataalamu wamekuwa wakiwatisha wananchi bure. Suala la kupanda miti likapoa kabisa.

Mwaka wa pili miche ililetwa, lakini ilipandwa kwa kutawanyika na mingi ilikufa. Baadhi ya kaya ziliinyanyua na kuirudisha ardhini bila mizizi, kwa sababu kiwanja chenye miti iliyokua kingerudi kuwa cha kijiji. Wakati huohuo visiki vya mikaratusi kandokando ya korongo vilikuwa vimechipua kwa fujo, kila kisiki machipukizi sita hadi kumi.

Masika ya mwaka wa tatu, usiku wa mvua kubwa, kipande cha mteremko kikaporomoka. Kilianzia sehemu ya juu ya eneo la misaipresi, kikachukua njia ya miguu, sehemu ya kihamba cha familia moja pamoja na migomba na kahawa, kikasimama karibu na korongo. Hakuna aliyepoteza maisha. Nyumba ya familia hiyo ilibaki ikining'inia kando ya ufa, na ikabidi wahame.

Maamuzi na sababu zake

Ni rahisi kusoma mfuatano huu na kuwaona viongozi wale kama watu wasiojali. Sivyo. Kila uamuzi ulikuwa na sababu, na baadhi ya sababu hizo zingemshawishi hata mtaalamu.

Uamuzi wa kukata yote ulitokana na haraka ya madarasa, lakini palikuwa na hoja ya kitaalamu pia. Afisa misitu aliyefika kukagua alieleza kwamba msitu usiopunguziwa, wenye miti mirefu na myembamba iliyozoea kuegemeana, ukiondoa nusu ya miti kwa kuchaguachagua, upepo utaangusha iliyobaki. Hoja hiyo ni sahihi. Ilichokosa ni hatua ya pili: hofu ya upepo inapinga kuchaguachagua, haipingi kukata kwa vipande. Mnunuzi wa pili alikuwa amependekeza vipande vinavyokata mteremko kwa ulalo, huku vingine vikiachwa vizima kwa juu na chini. Pendekezo lake halikujadiliwa kwa upande huo hata kidogo. Lilijadiliwa kwa upande wa fedha tu, na kwa fedha lilishindwa.

Sababu nyingine ilisemwa kwa sauti ya chini lakini ilikuwa na nguvu: msitu uliokatwa nusu unaibiwa nusu nyingine. Nyundo ya kugonga alama ya kibali kwenye mbao haimzuii mtu mwenye msumeno usiku. Wananchi waliona bora fedha zote ziingie kwenye akaunti ya kijiji siku moja, kila mtu akiona, kuliko kulinda visehemu kwa miaka mitatu. Katika kijiji ambacho watu wameshawahi kudhulumiwa mali ya pamoja, hofu hiyo ni ya haki.

Mikaratusi ya kando ya korongo ilikatwa kwa hoja inayojulikana na kila mtu mlimani, kwamba mkaratusi unanyonya maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Wanakijiji waliitafsiri hivi: tukiondoa mikaratusi tunasaidia chanzo. Kukata mti mgeni unaokunywa maji mengi si kosa lenyewe. Kosa lilikuwa kugawa viwanja vya mahindi ndani ya mita hizo 60 baada ya kuikata, na kuruhusu njia ya kuburuzia magogo ipite humo.

Kuchoma masalia kulifanywa ili watu wawahi kupanda maharage. Kulima katikati ya miche ya miti kulitokana na kile ambacho wanakijiji wanakiona kila siku kwenye mashamba ya miti ya serikali, kule West Kilimanjaro na Rongai, na pia Meru/Usa upande wa Arusha. Huko miti ikifika umri wake kipande kizima hukatwa, wananchi hupewa viwanja, hulima huku wakitunza miche mipya kwa miaka michache hadi kivuli kifunge, kisha hutoka. Utaratibu huo una kitalu, ramani, msimamizi na tarehe ya kutoka. Kijiji kilichukua msumeno na jembe, kikaacha vingine vyote.

Matokeo

Madarasa yaliezekwa, na watoto waliingia, ingawa ni Februari badala ya Januari. Fedha hazikuibiwa. Taarifa ya mapato na matumizi ilibandikwa ofisi ya kijiji, na mtu yeyote aliyetaka kuisoma aliisoma.

Upande wa pili wa daftari haukubandikwa popote, kwa sababu hakuna aliyeuandika: banio lililojengwa upya, siku za msaragambo za kaya za vitongoji vitatu, maharage yaliyokosa maji, kihamba kilichokatika, familia iliyohama, na hekta sita ambazo kwa miaka mitatu hazikuwa na mti wa maana juu yake isipokuwa machipukizi ya mikaratusi na vichaka vya lantana. Mizinga iliyokuwa ikitundikwa msituni iliondolewa na haikurudi.

Uchambuzi: maji yaliyoongezeka

Naanza na maji kwa sababu ndiyo yaliyowapotosha watu. Tumezoea kuwaambia wananchi kwamba ukikata miti chemchemi inakauka. Kauli hiyo ikisemwa hivyo, bila maelezo, inavunjika siku watu wanapoona kijito kimeongezeka, na ikivunjika inavunja pamoja nayo mengine yote ya kweli tuliyowaambia.

Mti unakunywa. Kila siku unavuta maji ardhini na kuyatoa hewani kupitia majani, na mvua nyepesi hunaswa kwenye matawi na kukauka kabla haijafika chini. Ukiondoa miti yote kwa wakati mmoja, maji hayo hubaki ardhini na sehemu yake huishia kijitoni. Hapa hapa Tanzania, kwenye milima ya Mbeya, mabonde mawili yaliyofanana yalipimwa kati ya 1958 na 1968, moja likiwa na msitu na jingine likilimwa. Lililolimwa lilitoa maji mengi zaidi, hata kiangazi, na udongo wa huko nao ni wa majivu ya volkano unaonyonya maji upesi.

Kwa hiyo kiangazi kile hapakuwa na muujiza wala ushahidi kwamba ukataji haukudhuru. Ilikuwa tabia ya kawaida ya bonde lililokatwa, na inadumu kadiri ardhi inavyobaki bila miti. Madhara yenyewe yalikuwa kwingine: kwenye usafi wa maji, kwenye udongo, na chini ya ardhi pasipoonekana. Maji mengi yanayokuja na tope na kuvunja banio mwezi Aprili hayamsaidii anayeyahitaji.

Tahadhari moja. Matokeo haya yasipandishwe juu mlimani kwenye msitu wa asili unaokaa ndani ya ukungu. Kule miti na ndevu za mizimu, vimelea laini vinavyoning'inia na kufunika matawi yake, hunasa unyevu wa mawingu na kuudondosha chini, maji ambayo yasingekuwapo bila miti hiyo. Ukiukata msitu ule unapoteza maji hata siku isiyo na mvua. Na mkulo au podo iliyokatwa hairudi kwa miaka 25 kama msaipresi; wajukuu wa aliyeikata wanaweza wasiuone mwingine wa ukubwa ule.

Uchambuzi: jembe lililozuia msitu kurudi

Huko New Hampshire, Marekani, watafiti wa Hubbard Brook walikata miti yote kwenye bonde la hekta 15.6 majira ya baridi ya 1965 hadi 1966, wakaacha magogo yalale palepale, kisha kwa miaka mitatu wakapulizia dawa ili chochote kisiote. Maji ya kijito yaliongezeka, na yalibeba virutubisho, hasa naitreti, kwa wingi uliowashtua. Walipoacha kupulizia na mimea ikaota, upotevu ulishuka. Kilichokuwa kinashikilia rutuba ni uoto hai, hata ule mdogo unaofuata mara tu baada ya miti kuondoka.

Nasimulia hili kwa sababu kwenye mteremko wetu kazi iliyofanywa na dawa kule ilifanywa na moto na jembe. Kama eneo lingeachwa na matawi yake yakioza juu ya ardhi, miche ya mringaringa iliyosalimika, nyasi na magugu vingefunika udongo ndani ya msimu mmoja. Badala yake ardhi ilichomwa, ikapigwa jembe Februari, ikaipokea masika ikiwa laini na tupu. Kulima kulirudiwa kila msimu, na kila msimu uoto ulianza upya kutoka sifuri. Kama ningelazimika kutaja uamuzi mmoja uliogharimu zaidi ya mingine, ningetaja huu wa Februari, sio ule wa Oktoba.

Uchambuzi: mizizi

Tulipopanda kwenye ufa wa maporomoko pamoja na mzee wa mfongo, alishika mzizi wa msaipresi uliotokeza kwenye ukuta wa udongo, mnene kama kidole gumba, akaupinda. Ukakatika mkononi mwake bila sauti, ndani ukiwa umegeuka unga. Kisha akatuteremsha hadi kwenye mikaratusi. Mzizi wa unene uleule aliupiga panga mara kadhaa na panga likawa linadunda. Maporomoko yalikuwa yamesimama hapohapo, kwenye mstari wa kwanza wa visiki vya mikaratusi.

Msaipresi ukikatwa hauchipui, na msindano (paini) vilevile. Mizizi yake hufa na kuoza taratibu. Mwaka wa kwanza bado inashika udongo karibu kama zamani. Ndiyo maana mteremko ulisalimika masika ya kwanza na ya pili. Hatari hukua kadiri mizizi ya zamani inavyooza huku ya miti mipya ikiwa bado midogo, na kipindi hicho kwa kawaida huanza mwaka wa tatu hivi na kuendelea hata zaidi ya miaka kumi. Mkaratusi ukikatwa huchipua, na kisiki kinachochipua kina mizizi hai.

Mti unaolaumiwa kuliko yote ndio uliozuia udongo usiingie korongoni. Hili halifuti hoja ya maji: mikaratusi kwenye chanzo bado si chaguo zuri, na mikuyu ingefanya kazi ileile bila ugomvi. Lakini mwaka wa pili kulikuwa na azimio la kung'oa visiki hivyo vyote. Halikutekelezwa kwa sababu gharama ya kung'oa ilikuwa kubwa. Kama fedha zingepatikana, hakuna kitu ambacho kingeyasimamisha maporomoko yale kabla ya banio.

Kilichofanya kazi

Uwazi wa fedha ulifanya kazi, na viongozi wanastahili sifa yao. Bila huo, hatua zilizofuata zisingewezekana, kwa kuwa watu waliokuwa tayari kurudi mkutanoni walirudi kwa sababu hawakuwa wameibiwa.

Mkuyu kuachwa ulifanya kazi. Ukuta wa banio ulivunjika upande wa mbali na mkuyu. Upande wa mizizi yake haukutikisika. Ndege wanaokula kuyu waliendelea kutua pale, na mwaka wa nne tuliokota miche mingi zaidi ya miti ya asili chini yake kuliko mahali pengine popote kwenye eneo.

Kauli ya mzee ya Oktoba ilikuwa sahihi, lakini haikupewa namba. Alisema msikate yote. Hakuna aliyemuuliza, basi tuache wapi, upana gani, na pengo la fedha tulifidie vipi. Kamati ya mfongo haikuwa na kiti rasmi kwenye majadiliano na mnunuzi, ilhali ndiyo iliyobeba hasara ya kwanza. Mkataba nao uliisha siku gogo la mwisho lilipopanda gari. Mnunuzi hakukiuka chochote, kwa sababu njia za kuburuzia, matawi, mifereji ya kukinga maji na miche havikutajwa humo.

Hali ilivyo sasa

Njia za kuburuzia zimekatwa kwa makinga maji yaliyochimbwa kwa ulalo, na kingo zake zimepandwa mabingobingo, majani marefu ya malisho, ambayo kaya hukata kulishia ng'ombe wa ndani. Sehemu iliyoporomoka imeachwa kabisa bila jembe; imepandwa mringaringa na vipando vya mikuyu vilivyokatwa kutoka kwenye matawi, na kinachoota chenyewe kinaachwa. Mita 60 za kando ya kijito zimerudishwa chini ya kamati ya mfongo, na mpaka wake umepandwa masale, mmea wa mipaka wa Wachaga, alama ambayo hakuna Mchaga anayeivuka bila kujua anachofanya. Viwanja vilivyo kwenye mwinuko mdogo bado vinalimwa, safari hii kwa maandishi: kaya ambayo miche yake haifiki idadi iliyokubaliwa baada ya masika inapoteza kiwanja.

Machipukizi ya mikaratusi bado yana mvutano. Vijana wanataka yaachwe yote wauze mirunda. Kamati ya mfongo imekubali yabaki mawili kwa kila kisiki, huku mikuyu ikipandwa katikati ili baada ya miaka kadhaa ichukue nafasi.

Kijiji kina shamba jingine la misindano upande wa pili wa korongo, dogo kuliko lile, ambalo nalo limefika umri wa kuvunwa. Mkutano mkuu umeamua lipimwe ujazo kabla ya bei kutajwa, likatwe kwa vipande vinavyofuata ulalo wa mteremko, kiangazi tu, magogo yapasuliwe kwenye kisiki, matawi yasichomwe, na kitalu kianze mwaka mmoja kabla ya msumeno. Sehemu ya malipo itashikiliwa hadi miche ipite masika mbili ikiwa hai. Mnunuzi wa kwanza kuonyeshwa kifungu hicho cha mwisho aliondoka. Wa pili, yule fundi wa tarafa ya jirani, ameomba ishikiliwe masika moja badala ya mbili, na kamati inamsubiri arudi kujibu hoja kwamba masika moja haitoshi kuonyesha mti umeshika.